Nyuzi Alizolegeza Baba

Nina magitaa matano. Kwa hesabu ya mke wangu manne yamezidi, na kwa hesabu yangu bado moja. Tumeishi na tofauti hiyo kwa miaka mingi bila kupelekana kwa wazee, kwa sababu chumba yanapokaa ni chumba cha mpunga, na kwenye mambo ya mpunga mimi sina sauti. Kila mavuno magunia yanaingia, yanapangwa kukaribia dari yakisubiri bei ipande, na magitaa yangu yananing'inia ukutani juu yake. Mgeni akikosea mlango akaingia humo, haelewi kama yuko ghalani au kwenye bendi.

Mimi si mwanamuziki. Nauza pembejeo hapa Mlabani: mbegu, mbolea, dawa za wadudu na mabomba ya kupulizia. Gitaa napiga jioni nikishafunga duka, nikishaoga kutoa harufu ya dawa. Sijawahi kuitwa kupiga mahali popote isipokuwa mara moja, kwenye harusi Malinyi, ambako mpigaji wao aliumwa. Walinipa sahani mbili za wali wenzangu wakipewa moja, na tangu siku hiyo najiona nimewahi kwenda ziara.

Gitaa jekundu la umeme nililipata kwa kwaya moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Kanisani lilikuwa na adabu zake, lakini tangu lihamie kwangu ukigusa waya wake tu linapiga ukelele. Gitaa la besi lina nyuzi tatu halali na wa nne ni waya wa klachi ya pikipiki, nao ndio unaonguruma vizuri kuliko wenzake. Lile dogo niliwanunulia wanangu, wakalikataa, nikalirithi wakiwa hai. La nne lilikuja kwa basi kutoka Dar likiwa limeviringishwa kwenye godoro, na lilifika salama kabisa. Godoro ndilo lililochanika, na lilikuwa godoro jipya la mke wangu.

Halafu kuna amplifaya. Sijui fundi aliyeigusa kabla yangu aliifanya nini, ila inadaka redio. Nikiwa katikati ya wimbo, pale ninapojiona nimefika mbali, inanikatiza na kuanza kutangaza bei za mazao. Hapo mke wangu anatoka jikoni mbio, anasimama mlangoni na kuniamuru ninyamaze asikie bei ya mpunga. Hiyo ndiyo siku anayokipenda chombo changu.

La tano ni gitaa kavu, lisilotaka umeme, rangi yake ni ya asali. Hili nalitaja mwisho kwa sababu ndilo lililonipa taabu, na taabu yenyewe ilianzia kwa baba.

Baba alikuja kukaa kwetu magoti yake yalipogoma. Alizaliwa upande wa Mahenge, lakini ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya miwa, na huko kambini alifundishwa gitaa na mfanyakazi mwenzake aliyetoka mkoa wa mbali. Alijifunza wimbo mmoja. Nilipomuuliza kwa nini hakujifunza wa pili, alisema yule mwalimu wake alihamishwa, na kwa jinsi alivyosema ungedhani kosa ni la kiwanda.

Kila alasiri alikuwa akikaa kwenye kigoda chake barazani na kuitisha lile gitaa kavu. Mimi nilikuwa nimeshalityuni kwa simu, kila uzi umekaa sawa na taa ya kijani imewaka. Yeye analipokea, anapitisha kidole gumba, anakunja uso. "Mbona mmelikaza hivi, linakwenda wapi?" Kisha anashika vile vikazio vilivyo kichwani mwa gitaa na kulegeza uzi mmoja mmoja kwa namna yake. Wa kwanza anaushusha kidogo, wa tatu anaupandisha, ule mnene wa juu anaulegeza mpaka unatetemeka. Simu yangu ilikuwa ikisikia nyuzi hizo inawaka nyekundu tu. Akimaliza anapiga wimbo wake, ambao hauna mwanzo unaojulikana, kisha ananirudishia gitaa kwa heshima zote. Jioni nazirudisha nyuzi kwenye kijani. Kesho yake anazilegeza. Tulivutana hivyo kwa miaka, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amechoka.

Siku moja akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Tulipotoka kumzika niliingia chumba cha mpunga kutafuta mkeka wa wageni. Gitaa kavu lilikuwa juu ya magunia, pale alipoliweka mwenyewe siku ile ya hospitali, kabla sijalirudisha kwenye kijani. Nilipitisha kidole gumba mara moja tu, na sauti ya baba ikatoka. Nilikaa chini. Sikuwa nimejua kwamba nimemkumbuka kiasi kile. Nililitundika ukutani taratibu, nikatoka, na nikajiapiza kwamba hakuna mkono utakaogusa vikazio vile, wa kwangu ukiwa wa kwanza. Niliona ndani ya nyuzi zile baba amebakia kidogo, na zikishaguswa basi, amekwenda moja kwa moja.

Mtu mwenye akili angezirekodi kwenye simu. Mimi nilinunua kufuli.

Kufuli ilikuwa kwa ajili ya watani. Ukoo wetu, kama koo nyingi za huku, una ukoo mwingine ambao tunataniana nao na kuzikana. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa ya kukutukana, kumtukana marehemu, na kubeba chochote anachokiona, nawe huruhusiwi kukasirika. Utakikomboa kwa kitu, atakurudishia, maisha yataendelea. Siku ya mazishi mmoja wao aliingia kaburini, akajinyoosha, akasema hapatoshi kwa mtu mwenye maringo kama baba, tuchimbe tena. Tulicheka huku tunalia, na ndiyo kazi yao.

Mkubwa wao ni mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga sokoni, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto bila kivuko. Kwenye msiba wa bibi yangu aliondoka na sufuria ya maharage ikiwa bado inachemka. Nilijua siku ya kuanua matanga atakuja, na nilijua mikono yake. Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo nikafunga chumba, nikatia ufunguo kwenye soksi, nikajiona mjanja.

Ni ujinga ambao mtoto wa huku hapaswi kuufanya. Kitu kilichoachwa wazi, mtani anaweza kukipita asikione. Kitu kilichofungwa umemwita kwa jina lake.

Mchana, watu wakiwa wamejaa uwanjani na masufuria yako motoni, mama yule alitoka ndani akiwa amevaa koti la baba, kofia ya baba, na fimbo ya baba mkononi. Alikuwa akitembea mwendo wa baba wa magoti mabovu, akisimama kila baada ya hatua kulaumu kitu fulani, kuku, jua, serikali. Shangazi yangu alicheka mpaka akaomba ashikwe. Mama yule alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa.

"We mtoto, mbona huniamkii?"

"Shikamoo baba," nikasema, maana ningesema nini kingine.

"Marahaba. Gitaa langu liko wapi?"

Nilijibu kwamba sijui. Akanitazama, akauendea mlango wa chumba cha mpunga akikokota mguu, akaiona kufuli mpya inavyometameta. Aligeuka na kuita uwanja mzima.

"Jamani, njooni muone! Nimekufa juzi tu, mwanangu keshanifungia mlango!"

Watu walikuja. Nilijaribu kusema kwamba ni kwa ajili ya panya, mke wangu akaniambia kwa sauti ya kusikika kwamba panya hawafungui milango. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, hakuwa akicheka. Alisema, "Mwanangu, huwezi kumfungia mtani. Fungua."

Nikajaribu kukomboa mapema. Nikakamata jogoo wetu, yule mwekundu anayewika saa anayotaka mwenyewe, nikamkabidhi. Mama alimpokea, akampima uzito, akampa mwenzake.

"Huyu ni faini ya kufuli. Sasa fungua."

Nilifungua kidogo, nikaingia peke yangu, nikatoka na gitaa la umeme. Alilitazama kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake. "Mimi baba yako, na hili lenye mkia wa umeme, uliniona nalo lini?" Akanisogeza pembeni kwa fimbo, akaingia, akapanda magunia kwa magoti yaliyopona ghafla, akashuka na gitaa kavu.

Alikaa kwenye kigoda cha baba barazani. Akapitisha kidole gumba, na ile sauti ikatoka. Waliokuwa wakikuna nazi wakaacha. Nikasema moyoni, basi, ameshapiga, ataniuzia kwa jogoo wa pili, yamekwisha.

Lakini yule mama alikuwa akifanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kumwigiza baba. Alikunja uso. Akasema, kwa sauti ya baba hasa, "Mbona mmelikaza hivi, linakwenda wapi?" Na akashika vikazio, akavizungusha vyote, kimoja baada ya kingine.

"Mtani, acha!" Nilikuwa nimeshasimama. Baba mdogo alinishika bega. Nyuzi zilikuwa zimelegea zinaning'inia, na alipozipiga zilitoa mlio wa kamba ya kuanikia nguo. Watu walicheka. Kisha wakaona uso wangu, wakaacha.

Nilikasirika. Najua hairuhusiwi, lakini nilikasirika. "Zile zilikuwa nyuzi za baba," nikamwambia. "Alizilegeza mwenyewe. Ndizo zilizokuwa zimebaki."

Mama alinitazama chini ya ile kofia. Niliona ameelewa, na niliona pia kwamba hawezi kuniomba radhi, kwa sababu mtani haombi radhi, kama mimi nisivyoweza kumlaumu. Alinyoosha mikono akanipa gitaa.

"Basi zirudishe. Au unataka mimi marehemu nifufuke nikufundishe?"

Nikakaa chini, mbele yake, gitaa mapajani. Nikaanza na uzi wa kwanza. Nilikaza, nikapiga, na papo hapo nikagundua kwamba sijui ninachokitafuta. Miaka yote ile nilikuwa nikizifuta nyuzi za baba kila jioni, sikuwahi kuzisikiliza. Mkono wangu ulikuwa unakimbilia kwenye kijani cha simu. Nikapiga tena. Siyo. Nikataka kuliweka chini niende zangu dukani nikauze dawa ya viwavi.

"Bado," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mke wangu, amesimama jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "Shusha. Wa kwanza ulikuwa unalia kinyonge zaidi ya hapo."

Nikashusha. "Umepita," akasema shangazi. "Rudi kidogo. Hapo."

Nikahamia wa pili. Jirani yetu, fundi cherehani ambaye kwa miaka alinilalamikia kelele, alisema huo alikuwa akiusikia vizuri akiwa kwenye mashine yake, ukikaribiana na wa kwanza bila kugusana. Wa tatu ulileta ugomvi. Mke wangu anasema juu, shangazi anasema juu lakini siyo juu hivyo, baba mdogo anasema nyie wanawake hamjui, kaka yangu alikuwa anaupandisha hadi unakaribia kukatika. Mama wa samaki, bado ndani ya koti, alitoa hukumu: "Mimi mwenyewe marehemu nasema shangazi yuko sahihi." Tukauacha kwa shangazi, wa nne na wa tano zikapita bila ubishi. Ule mnene niliulegeza, nikaulegeza, kila nikisimama wananiambia bado, mpaka ulipoanza kutetemeka.

"Acha hapo hapo," mke wangu akasema. "Usiguse tena."

Nikapitisha kidole gumba. Shangazi aliziba mdomo kwa kanga. Mimi nililia, mbele ya wateja wangu nusu ya Mlabani, na sikuona haya. Mama yule naye alilia, akajifuta kwa mkono wa koti la baba, kisha akatangaza kwamba nilikuwa mpigaji mbovu tangu yeye akiwa hai, na kwamba jogoo harudi.

"Piga sasa," baba mdogo akasema.

Nikapiga wimbo wake, nikiuanzia katikati kwa vile mwanzo haukuwepo. Nilifika pale baba alipokuwa akikosea kila siku, nikakosea, na hakuna aliyenisahihisha.