Ni Ulimi Wangu Alioupeleka Mjini

Admin, ficha jina langu na la kijiji, maana huku tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina binti mmoja, na tunaishi kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Kwa pikipiki ni mwendo wa saa tatu kufika Kasongo, kama mvua haijanyesha. Ninalima muhogo, lakini zamani nilicheza basiketi, na sijisifu bure: nilipokuwa shuleni Kasongo hakuna msichana aliyeninyang'anya mpira akaondoka nao.

Mwezi uliopita masere, yaani mtawa, anayeongoza shule ile, ambaye anasimamia pia sekondari ya kijiji chetu, alinitumia ujumbe. Walikuwa wamemaliza kiwanja kipya cha saruji, na siku ya kukifungua sisi wanafunzi wa zamani tungecheza na wasichana wa sasa. Akaongeza kwamba anatafuta mtu wa kufundisha timu ya wasichana hapa kijijini, na anataka kuniona nikicheza kabla hajaamua. Jamani, viatu vyangu nilivifua mara mbili! Mume wangu mwenyewe akasema, "Nitakupeleka, mama. Hiyo siku iko yetu siye wawili tu." Tangu anioe hajawahi kuniambia neno kama hilo, nami mjinga nikaamini.

Sasa niwaeleze huyu mume. Ni shemasi. Hanywi pombe, na kila mtu anajua hanywi, kwa sababu analisema sana. Wasichojua ni kwamba yeye ndiye anayepeleka pombe kwa wachimbaji wa dhahabu kule chimboni. Bidoni, yale madumu ya pombe, zinapita kwa jina la rafiki yake. Mimi ninajua na nimenyamaza, kwa kuwa ni mume wangu. Shida yake ni kwamba hawezi kutofautisha pombe nzuri na mbaya, na mimi ni mtoto wa mpika pombe. Nimelelewa kati ya mapipa, nikinusa tu ninajua kama ndizi ziliiva.

Tulifika Kasongo saa nne asubuhi. Akasema, "Tupite kwanza kwa wamama wa pombe. Basiketi iko saa tisa, bado mapema." Nikamuuliza kwa nini asichague siku nyingine. "Weye ndiyo unajua pombe," akanijibu. "Na mutu wa kanisa akiniona na kikombe, nitasema nini?" Akabaki nje kwenye pikipiki, kofia kichwani mpaka machoni, mimi nikaingia.

Mnajua desturi yetu. Anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, uone hakuna sumu. Akishaonja mbele yako, huwezi kukataa wala kutema. Ukitema umemwita mchawi nyumbani kwake. Kwenye ua wa kwanza nilijaribu kutema pembeni, mwenye pombe akashika kiuno. "Miye nimekunywa, unaniona niko muzima. Weye unatema juu ya nini?" Nikameza. Ua wa pili nikameza. Ua wa tatu walikuwa na lotoko, ile kali ya mtamboni, tena ya aina mbili, na tumboni sikuwa na kitu isipokuwa muhogo wa alfajiri. Nikatoka kumwambia mume wangu inatosha. Akaniomba kama mtoto, "Bado mumoja tu, mama. Nisaidie." Nikaenda ua wa nne.

Saa tisa niliingia kiwanjani. Mpira wa kwanza niliudaka vizuri, wa pili ukanipiga usoni. Wa tatu nikakimbia nao, nikaruka, ukaingia safi kabisa, kumbe nimetufunga sisi wenyewe! Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda, na hapo ndipo masere aliponisogelea. "Mama, unanuka pombe," akasema polepole. "Mbele ya watoto?" Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, anatazama viatu vyake. Nilikaa kwenye benchi mpaka mchezo ukaisha.

Habari ilifika kijijini kabla ya pikipiki yetu. Kanisani wanawake wananisalimia kwa ncha za vidole. Wasichana kumi na wawili waliokuwa wamejiandikisha, na binti yangu ni mmoja wao, walikuwa wanakuja kila jioni kuniuliza tunaanza lini. Siku hizi wenzake wanapita na mpira wao, hawaingii. Na Jumapili mchungaji alimwomba shemasi aniombee. Huyohuyo! Akafunga macho, akainua mikono: "Bwana, umusaidie bibi yangu aache pombe." Watu wakasema amina. Nilitetemeka kwa hasira mpaka kitenge kikanifunguka.

Masere nilimwambia tu kwamba kulikuwa na sababu, na mume wangu anaijua. Amejibu kwamba nafasi bado ipo, ila nije Jumamosi na mume wangu, aeleze kwa kinywa chake. Nimemsihi mume wangu wiki nzima. "Nikisema, ushemasi umekwisha," anasema. "Yako ni muchezo tu. Yangu ni kazi ya Mungu." Nikienda kusema peke yangu, nani atamwamini mlevi anayemsingizia shemasi? Nikinyamaza, wale wasichana wanapewa mtu mwingine, nami ninabaki mlevi wa kijiji maisha yangu yote.

Leo asubuhi mume wangu amerudi na chupa. Kuna mama mwingine ameanza kupika, anataka kujua kama ni nzuri. Akamimina, akaweka kikombe mbele yangu, akasema kwa upole, "Onja tu kidogo, mama."

Nikamwambia, "Mwenye kutoa anaonja kwanza. Onja weye."

Akavaa kofia yake akatoka. Kikombe bado kiko hapa mezani ninapoandika, na Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini: nikibebe hivi hivi mpaka kwa masere na kanisani, nikaseme ni nani aliyekimimina, au nimeze na hiki pia?