Baba Aliyesalimia Shingo

Nikisikia harufu ya spiriti, hata leo, shingo hunisisimka. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya vidole vya baba.

Baba alikuwa munganga wa zahanati kule Wamaza, enzi za Wabelgiji, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusomea kazi. Na ile shule ilimharibu, tuseme ukweli: hakuweza kumsalimu mtu bila kumpapasa shingo. Mgeni ananyoosha mkono, baba tayari yuko chini ya masikio yake. Alikuwa akitafuta tezi za malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Sisi watoto wake tulijificha kwa aibu.

Msimu mmoja mjomba wangu Kalonda, mkulima hodari, akaanza kusinzia shambani. Pamba yake ikamezwa na majani. Nyumbani walimcheka, hata nyanya alimwita mvivu. Wakati ule pamba haikuwa hiari, na shamba chafu lilikupeleka jela. Asubuhi moja kapita, msimamizi wa mashamba, akaja na polisi na kamba. Mama alilia sana, maana watu walikuwa wakirudi jela wamekwisha, na kaka yake alishabaki mifupa mitupu. Akatuma aitwe baba.

Baba akafika na baiskeli yake, akampapasa mjomba shingo polepole. Kisha akasema, "Kapita, huyu mutu haiko muvivu. Iko na malale."

"Miye nimetumwa kuleta mutu," kapita akajibu.

"Utamupeleka jela, atakufa mu njia. Uniachie yeye, nitamurudisha mu pamba." Halafu, kama kawaida yake, akanyoosha mikono. "Na weye, leta shingo."

Kapita, na ukali wake wote, akavua kofia, akainama. Polisi naye akajipanga nyuma yake. Kamba ikabaki chini.

Mjomba alichomwa sindano miezi mingi. Nilifurahi mno siku nilipomwona na jembe tena.

Nilidhani baba anatibu wagonjwa tu. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba pamba iliyoshuka mtoni, dhahabu ya Salamabila, mitumbwi ya Nyangwe, vyote viliendeshwa na watu ambao vidole kama vyake vilikuwa vimepita shingoni mwao kwanza. Masomo yake yalikuwa yakilima, yakichimba, yakipiga makasia. Mjomba alilijua hilo kabla yangu. Mpaka uzeeni, akikutana na baba, hakutoa mkono. Aliinamisha shingo.