Mala Iliyokataa Kuganda

Wariara alikuwa na faili moja la kahawia ambalo wanafunzi walilijua kuliko walivyomjua yeye. Ndani mlikuwa na noti za somo la Mbinu za Utafiti, alizoziandika kwa mkono mwaka alioajiriwa. Kwa miaka kumi na tisa, katika chuo kikuu kimoja hapa Nakuru, alisimama mbele ya wanafunzi wa kilimo akawaeleza jinsi utafiti unavyofanywa. Na katika miaka hiyo yote yeye mwenyewe hakufanya utafiti hata wa dawa.

Usimcheke haraka. Mtu anafundisha masomo sita kwa muhula, anasahihisha karatasi mia nne, Jumamosi anawekewa darasa la watu wazima walioajiriwa, halafu umuulize utafiti wake uko wapi. Ataufanya saa ngapi? Lakini chuo hakikutaka kusikia hayo. Barua ilikuja Januari: kila mhadhiri asiye na mradi wake ataingia mafunzo ya utafiti ya miezi sita, na atakayemaliza bila mradi uliokubaliwa na jopo hatapangiwa darasa mwaka ujao. Wariara alikuwa na miaka hamsini na tatu. Bila darasa hakujua angeamkia nini asubuhi.

Kilichomchoma zaidi ni mkufunzi mwenyewe. Alikuwa Kimeli, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, yule wa kukaa karibu na dirisha na kuuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Sasa alikuwa Daktari Kimeli, amesoma ng'ambo na kurudi na miwani. Siku ya kwanza alimtambulisha mbele ya wahadhiri wote: "Huyu ndiye aliyenifundisha utafiti." Watu wakapiga makofi. Wariara alitabasamu kwa meno tu, maana aliona aibu kweli kweli.

Kazi waliyopewa ilikuwa wazi. Chagua swali, kusanya data, uje mbele ya jopo mwezi wa saba. Wariara akachagua jambo analolijua. Ng'ombe akiugua kiwele hudungwa sindano, na dawa hiyo hutoka na maziwa, kwa hivyo mfugaji anatakiwa amwage maziwa kwa siku tatu. Je, wafugaji wa upande wa Dundori humwaga?

Akachapisha hojaji tisini na sita. Akafungua faili lake, ukurasa wa kumi na moja, palipoandikwa kwamba ili kuokoa muda, mtafiti awatafute watu pale wanapokusanyika wenyewe. Basi akaenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Karani wa kituo, Jerry, mtu mwenye roho nzuri, akampa nusu ya meza yake. Waliosahau miwani nyumbani Jerry aliwasomea maswali yeye mwenyewe, huku akipima maziwa yao, akawawekea alama kwenye karatasi. Asubuhi mbili, kazi kwisha. Wariara alirudi mjini akijiuliza kwa nini watu huogopa utafiti.

Majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi. Wote tisini na sita walisema humwaga. Si mmoja, si wawili, wote. Akaingiza kwenye kompyuta, akachora duara lenye rangi moja tu, akaanza kutayarisha maelezo ya jopo.

Sasa, mumewe Wariara, Kiarie, ni mtu ambaye Jumapili bila ugali na mala, yale maziwa ya kugandisha, anaona amenyimwa haki. Kwa hivyo kila Jumamosi Wariara hununua maziwa kwa mama mmoja muuzaji pale mtaa wa Bondeni, huyachemsha, huyaacha yapoe, hutia kijiko cha mala ya zamani na kuyafunika kabatini. Jumapili hiyo akafunua sufuria akakuta maziwa yako vile vile alivyoyaacha, majimaji. Akadhani ni baridi. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo.

"Umesahau kutia kijiko," Kiarie akasema.

"Sijasahau."

"Basi huyo mama anatia maji."

"Maji hayawezi kuzuia mala kuganda," Wariara akajibu, na hapo hapo akakitazama kijiko mkononi. Alijua kinachozuia. Dawa inayoua viini vya ugonjwa kwenye kiwele haichagui, huua na vile vinavyogandisha maziwa. Alikuwa ametahini wanafunzi swali hilo mara nyingi. Lakini kama wafugaji wote tisini na sita humwaga, dawa imeingiaje kwenye sufuria yake?

Hapo kitu fulani kikamwamkia kifuani, kitu alichokuwa amekisahau tangu ujana wake. Alitaka kujua. Si kwa ajili ya barua ya chuo, wala jopo, alitaka tu kujua, na hamu hiyo ikamnyima hata utamu wa chai.

Jumatatu alimuuliza yule mama wa Bondeni maziwa anayatoa wapi. Akatajiwa nyumba tatu, na moja ilikuwa ya Mama Sue, mfugaji aliyemkumbuka vizuri kutoka kituoni. Akampigia simu, akapanda mpaka Dundori. Mama Sue akamkaribisha na kikombe cha chai ya maziwa matupu.

"Mama Sue, ng'ombe wako amedungwa sindano juzi juzi?"

"Mmoja. Alhamisi."

"Na maziwa yake?"

Mama Sue akaangalia mlango. "Kwa ile karatasi nilisema namwaga."

"Naikumbuka karatasi. Mimi nauliza maziwa."

"Mwalimu, aliyenisomea lile swali ni nani? Si Jerry? Na anayekataa maziwa kituoni ni nani? Si huyo huyo Jerry? Ungekuwa ni wewe umesimama pale na mtungi, ungesema nini?"

Mama Sue akaendelea kwa upole kwamba ya sindano hapeleki kituoni, maana siku hizi wanapima. Huyapeleka Bondeni.

"Na hii chai?"

"Kunywa tu bila wasiwasi. Hii ni ya yule mwingine, mzima. Sisi yetu tunakamua kwa huyo."

Wariara alikunywa, lakini kwa hasira. Hakumkasirikia Mama Sue. Alijikasirikia mwenyewe, mwalimu mzima, kumweka polisi mezani halafu kuuliza nani mwizi. Akamwomba mwenyeji wake msaada mmoja: awaambie majirani waache chupa ndogo za maziwa wanayouza ndani ya kreti langoni kwake, bila jina, bila kuulizwa neno.

Kwa wiki tatu jikoni kwa Wariara hapakupitika. Chupa arobaini, kila moja na namba, kila moja ikachemshwa, ikapozwa, ikatiwa kijiko kimoja cha mala ile ile na kufungiwa kabati lile lile. "Hii ni nyumba ama ni kituo cha maziwa?" Kiarie akalalamika. Kufikia wiki ya pili alikuwa yeye wa kwanza kufungua kabati asubuhi, anainamisha chupa moja moja na kutangaza, "Hii imekataa." Chupa kumi na moja zilikataa.

Siku ya jopo ikafika. Lile duara la rangi moja bado lilikuwa ndani ya kompyuta, na Wariara alijua kabisa kwamba akilionyesha hilo peke yake atapita, kwa sababu hakuna mtu hugombana na majibu mazuri. Hizo chupa zingeweza kumfanya kichekesho na kumtoa darasani. Alisimama, akaonyesha duara, halafu akaonyesha chupa.

"Hojaji hizi hazifai," akasema. "Niliwauliza watu mbele ya mtu wanayemwogopa. Kosa ni langu, na limetoka ukurasa wa kumi na moja wa noti zangu mwenyewe."

Profesa mmoja akaegemea kiti. "Madam, kwa hivyo umetuletea mala?"

Watu wakacheka. Wariara akangoja wamalize. "Nimeleta mbili, Profesa. Moja imeganda, moja haijaganda. Chagua ya kunywa."

Kicheko kikaisha. Wakamuuliza maswali karibu saa nzima, na mwisho wakaupitisha mradi, ila chupa zipimwe upya kwenye maabara. Darasa lake lilikuwa limepona. Kimeli ndiye hakucheka wala hakuuliza chochote. Alimfuata nje, kwenye ngazi.

"Mwalimu, unakumbuka mradi wangu wa mwaka wa nne?"

"Ule wa kuosha mitungi ya maziwa."

"Niliwauliza wafugaji pale kituoni, karani akiwa kando yangu, vile ulivyotufundisha. Asilimia mia moja walisema huosha kwa maji moto."

Wariara akashika chuma cha ngazi. "Nilikupa A."

"Uliandika pembeni, 'Data safi sana.' Hiyo A ndiyo ilinipeleka ng'ambo." Kimeli akavua miwani. "Mimi pia nafundisha ukurasa huo, Mwalimu. Kila mwaka."

Wariara alienda ofisini kwake, akafungua faili la kahawia na kukaa na ukurasa ule muda mrefu, akiwakumbuka vijana wa miaka kumi na tisa, mmoja mmoja, wamesimama vituoni na karatasi zake. Alitaka kuurarua. Badala yake akachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, na juu ya mwandiko wake mwenyewe akaandika neno alilokuwa akiwaandikia wanafunzi walioanguka: Rudia.