Kasia la Delbert

Ukimuuliza mtu yeyote kijijini kwetu nani mwindaji hodari wa mto huu, atakutajia Delbert Nasruk, na ukimuuliza Delbert mwenyewe, atakutajia huyo huyo. Ana miaka sitini na mmoja. Sili, dubu, kulungu, nyangumi, wote amewahi kuwaleta nyumbani. Aliyemshinda vuli ile alikuwa panya.

Si panya wa jikoni. Biva ni panya wa majini mkubwa kama mbwa, mkia bapa kama mwiko, anayeangusha miti na kuziba vijito ili apate bwawa la kukaa. Delbert alipokuwa mtoto, biva hawakuwepo huku kaskazini mwa Alaska, maana miti ya kuangusha haikuwepo. Siku hizi baridi imelegea, vichaka vya mierebi vimempita mtu kimo, na wao wamehamia bila kubisha hodi. Mabwawa yao yanayeyusha ardhi iliyoganda tangu enzi za mababu, kingo zinaporomoka, nasi tumebaki kutazama tope. Mimi hali hiyo inaniudhi. Delbert ilimuudhi zaidi, kwa sababu walikuwa wameziba Kijito cha Siksrik.

Kijito hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwa shangazi yake. Bi Ana, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Ana miaka themanini na minane, na tangu kiangazi alikuwa amekataa chakula. Supu alionja kijiko kimoja, mkate akampa mbwa. Kliniki walimpa dawa ya kuamsha hamu ya kula, hiyo nayo akampa mbwa, na mbwa akanenepa. Mwishowe alisema kuna kitu kimoja tu angekula: samaki mweupe wa Siksrik, mwenye mayai tumboni, kabla maji hayajaganda. Delbert akasimama dukani mbele ya watu akaapa kwamba atamletea kabla ya Jumapili. Mdomo ulimponza.

Jumatatu alikwenda na boti na koleo, akabomoa ukuta wa biva kutwa nzima mpaka maji yakapita, akatega wavu na kurudi nyumbani akipiga mluzi. Furaha ilimsahaulisha koleo. Jumanne alikuta ukuta umezibwa, wavu umening'inia pakavu, na katikati ya vijiti umechomekwa mpini wa koleo lake. Akabomoa tena kwa mikono. Safari hiyo alisahau kasia. Jumatano nalo lilikuwa limejengewa ndani, limekazwa kwa tope, halitoki hata kwa matusi. Alhamisi alikaa nyumbani akiuguza mgongo wake.

Habari zilimfikia Clyde, mtoto wa mjomba wake. Kwetu binamu wa upande huo ana haki ya kukutania mpaka kaburini, na ukinuna umeshindwa. Alimkuta Delbert dukani akinywa kahawa.

"Binamu, nasikia umepata kazi ya ujenzi."

"Niache, Clyde."

"Si kazi mbaya. Wewe unaleta vifaa, wao wanajenga. Kesho wapelekee misumari, maskini, wanateseka na tope tu."

Delbert alijilazimisha kucheka, lakini Ijumaa aliondoka na bunduki. Alitoboa ukuta, akajilaza kwenye mierebi huku mvua ikimwingia shingoni, akasubiri fundi aje kukagua. Saa tisa biva mmoja mnono alitokea, akalitazama tundu, akamtazama Delbert, akapiga maji kwa mkia na kumlowesha uso. Delbert akafyatua. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: amalize ukoo mzima, maji yapite, samaki wapande.

Aliporudi na huyo mmoja tu, Clyde alikuwa gatini na kina mama kadhaa. Alimwona biva ndani ya boti, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akamgeukia Delbert.

"Hebu nikuulize. Umewahi kuua biva kabla ya huyu?"

Delbert hakuwahi, na alijua maana yake. Kwetu mnyama wa kwanza wa kila aina si mali ya aliyemuua. Mwindaji hapaswi kuonja hata kipande. Mnyama anakwenda mzima kwa mtu mzee kuliko wote kijijini, na anayekaidi, bahati ya kuwinda inamkimbia. Kwa kawaida mambo hayo humkuta mtoto wa miaka tisa. Kina mama walimpigia makofi, wawili wakambusu mashavuni na kumwambia sasa amekuwa mwanamume. Mzee kuliko wote kijijini ni Bi Ana.

Alitembea kwenda kwake kama anayepelekwa mahakamani. Ameahidi samaki, anapeleka panya, tena panya ambaye wazee wetu hawakuwahi kumla. Alimlaza biva juu ya boksi lililokunjuliwa sakafuni. Mbwa akasogea mapema.

"Shangazi, samaki sikupata. Nimepata huyu. Ni wa kwanza wangu."

Bi Ana aliushika ule mkia, akauminya, akaomba kisu chake. Alichuna mwenyewe, akachemsha, akachovya kwenye mafuta ya sili. Alikula kipande, akala kingine, mafuta yakamchuruzika kidevuni. Akaumaliza mkia wote. Mbwa hakuambulia kitu.

"Samaki yule nimemla miaka themanini," alisema akijifuta. "Nilimtaka kwa kuwa nilidhani hakuna kipya kilichobaki cha kuonja. Huko wamebaki wangapi?"

"Kama watano hivi."

"Usiwaudhi wakahama."

Delbert alitoka nje, akalia nyuma ya matangi ya mafuta kwa furaha na kwa uchungu pia, kwani sasa biva wangebaki, na Siksrik ya utoto wake alikuwa ameipoteza siku hiyo hiyo. Samaki hawakupanda mwaka ule. Jambo hilo linamuuma hadi leo.

Jumamosi Clyde alipita na boti yake, akamkuta binamu yake yumo kwenye tope mpaka magotini, anaziba kwa vijiti na udongo tundu alilolitoboa mwenyewe. Clyde aliacha utani, akashuka kumpa vijiti. Kasia lilikuwa pale pale katikati ya ukuta. Delbert alilishika, akalitikisa aone kama limekaa imara, kisha akalikandika udongo zaidi.