Malka Iliyopita Shambani kwa Mzee Josiah

Kitu Margaret alichokichukia darasani kuliko kelele ni mtoto anayesoma kama kasuku. Alikuwa akifundisha Gredi ya Tisa katika shule moja iliyo kati ya Garsen na Kulesa, shule ya mabati iliyozungukwa na vichaka vya mathenge, ambako nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa wakulima Wapokomo na nusu watoto wa wafugaji Waorma. Asubuhi moja aliwapa karatasi ya idara ya mifugo iliyohusu chanjo. Jotham, mvulana hodari wa darasa, akasimama akaisoma yote bila kujikwaa, mpaka majina ya magonjwa. Margaret akamuuliza inasema nini.

“Inasema chanjo, Mwalimu.”

“Chanjo ya nini? Ya nani? Lini?”

Jotham akaigeuza karatasi upande wa pili, kama kwamba jibu lilikuwa limejificha mgongoni. “Inasema tu chanjo.”

Darasa likacheka, naye Margaret akacheka nao, lakini jambo lile lilimchoma. Tangu siku hiyo akaanza kuokota maandishi popote: mifuko ya mbolea, karatasi za dawa, ilani za mafuriko zilizobandikwa ofisini kwa chifu, matangazo ya mradi wa maji. Akawafundisha kwamba hadithi mtu huifuata inakompeleka, lakini karatasi ya habari huhojiwa kama shahidi. Uliza ameiandika nani, lini, na anataka nini kwako. Tenganisha alichokiona na alichosikia. Kisha nenda ukamtafute mwingine aliyelijua jambo lile kwa njia yake, uone kama wanapatana. Katika pembe ya ubao aliandika maswali mawili, na akakataza yasifutwe: Nani amesema? Amejuaje?

Hakuwa mtu wa kubahatisha, na hakuolewa katika nyumba ya kubahatisha. Alizaliwa Wenje, binti wa mkulima wa mpunga, akasoma hadi chuo cha ualimu wakati wenzake wa rika wanalea. Alipoolewa na Mwaro, mwana wa Mzee Josiah, watu walisema kalamu imekwenda kwa wino. Mzee Josiah alikuwa mwinjilisti na mwalimu wa kwanza ukingo ule wa Tana. Waliopata barua walimpelekea awasomee. Waliogombana walimpelekea awapatanishe, na Waorma pia walikuwa miongoni mwao. Mzee akafa, baadaye Mwaro naye akafa kwa maradhi ya figo, akazikwa shambani kwao mtoni, chini ya miembe. Tangu hapo Margaret alilibeba jina la nyumba ile kama mwanamke aliyejitwika mtungi uliojaa pomoni. Alitembea taratibu, nguo zake zikiwa zimepigwa pasi, na hakuna aliyewahi kumsikia akibishana sokoni.

Mwanafunzi aliyeyashika maswali ya ubaoni kuliko wote alikuwa Sadia, binti wa Jibril, mfugaji wa Kiorma ambaye manyatta yake ilikuwa nyuma ya shule. Sadia alichukua chupa ya dawa ya minyoo nyumbani kwao, akasoma karatasi yake mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, kisha akamwendea daktari wa mifugo Garsen kumuuliza. Juma lile Jibril alisimama mlangoni mwa darasa, fimbo begani.

“Mwalimu,” alisema, “msichana yangu ameniambia hii miaka yote mimi naua minyoo nusu. Ile nusu ingine nafuga.”

Darasa zima likaangua kicheko, na Jibril akatabasamu kwa haya. Kisha akasema lile lililomleta: kuna watu walikuwa wamekuja kumposa Sadia, naye amewaambia wangoje kwanza amalize kusoma. Dada zake wawili hawakungojewa na mtu. Margaret alitembea nyumbani jioni ile akijihisi kijana.

Mwaka ule mvua za masika zilikataa. Ng'ombe waliteremka mtoni mapema, wakakonda njiani, na maneno makali yakaanza kusikika baina ya wakulima na wafugaji. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba siku ya wazazi kila darasa litasoma utafiti wake mbele ya chifu na wageni. Margaret aliwaachia wanafunzi wachague mada wenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyowafundisha, na kundi la Sadia na Jotham likachagua malka.

Malka ni njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni kunywa, ipitayo katikati ya mashamba. Hailimwi wala haizibwi. Mpokomo anajua inapoanzia, Muorma anajua inapoishia, na ikizibwa ndipo vita huanzia. Margaret angeweza kuwaambia watafute mada nyingine. Hakuwaambia. Alifurahi mno kuwaona wakibishana ni nani wa kuulizwa kwanza.

Wakafanya kazi kama watu wazima. Walisoma vijitabu vya mifugo na ardhi Garsen, wakanakili ramani iliyotundikwa ukutani katika ofisi moja, wakawahoji mabibi wa Kipokomo waliolima huko tangu usichana wao, wakawahoji wachungaji. Kisha wakatembea kwa miguu kandokando ya mto, Muorma na Mpokomo wawiliwawili, kila malka ikiandikwa na wote wawili. Walipomaliza, malka zote za eneo lile zilikuwa wazi isipokuwa moja. Hiyo ilipita katikati ya shamba la Mzee Josiah.

Haikuwa siri. Gharika ya El Niño iliposukuma mto ukabadili mkondo, mdomo wa malka ile ulibaki mkavu. Ng'ombe wakaacha kupita, na tope jipya lililobaki lilikuwa rutuba tupu. Mzee Josiah akapanda migomba, kisha miembe, akiwaahidi wazee wa Kiorma kwamba mto ukirudi ataifungua. Mto ukarudi. Mzee alikuwa ameshazeeka, migomba ilikuwa imeshalea watoto na kuwalipia karo, na hakuna aliyeshika panga. Wapokomo walijua, Waorma walijua, na kwa heshima ya mzee yule watu walizoea kuzungukia mbali. Margaret alijua pia, kama anavyojua mke wa nyumba jambo ambalo halitajwi mezani.

Jotham ndiye aliyemsomea, kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake. Alipomaliza Margaret alisema ni kazi nzuri, na alimaanisha. Alipofika nyumbani alishindwa kula.

Habari ilimtangulia. Mama yake Jotham alimwambia jirani, na jirani akamwambia Martin, mdogo wake Mwaro, aliyekuwa akilisimamia shamba. Martin hakuja kwa hasira. Alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi, akaulizia afya ya Alice, bintiye Margaret aliyekuwa akisoma Mombasa. Akaeleza kwamba wapimaji wa ardhi watafika mwezi ujao, na nyumba yao itapata hatimiliki ya kwanza tangu babu wa babu yake. Chifu akisikia kutoka kinywani mwa wanafunzi wa mke wa nyumba hiyohiyo kwamba pale ni malka, hatimiliki hiyo waisahau.

“Si uongo, shemeji,” Margaret akasema.

“Nimesema ni uongo?” Martin alijibu. “Nakuuliza ni lazima useme wewe? Miaka ile sisi na Waorma tulipochomeana nyumba, ulikuwa hapa. Unataka watoto wa shule ndio wawashe kiberiti?”

Hoja ile ilikuwa nzito, na huenda Margaret angeipima usiku kucha, kisha asubuhi akairudisha. Lakini Martin alikuwa na nyingine.

“Na kaka yangu yuko wapi? Si pale pale? Ng'ombe wakifunguliwa, watapita wapi kama si juu ya Mwaro?”

Akaondoka akaacha mkungu wa ndizi mezani.

Siku iliyofuata Margaret alibakia na kundi lile baada ya vipindi. Aliwaambia kazi yao ni nzuri ila ina haraka. Kuhusu ile malka ya mwisho, alisema, waandike kwamba vyanzo havipatani, na kwamba mahali ilipopita hapajulikani kwa hakika. Alilisema kwa Kiswahili kile kizuri cha darasani, na kila neno lilitoka limenyooka.

Jotham alianza kufuta palepale, kwa haraka, kama aliyetuliwa mzigo. Sadia hakugusa kalamu.

“Mwalimu, vyanzo gani havipatani?”

“Sadia, andika.”

“Bibi wa Kipokomo wamesema pale. Wachungaji wamesema pale. Ramani iko pale. Mimi na Jotham tumeingia ndani, tumeona mitaro ya kwato bado iko chini ya migomba.” Hakuwa akibisha, alikuwa akitafuta kosa lake mwenyewe, kama alivyofundishwa. “Aliyesema si pale ni nani? Amejuaje?”

Katika miaka yake yote ya ualimu Margaret hakuwahi kumjibu mtoto kwa cheo chake.

“Nimesema mimi,” alisema. “Mimi ndiye mwalimu.”

Sadia akamwangalia bila ujeuri. Akainama, akaandika.

Siku ya wazazi turubai lilifungwa baina ya madarasa mawili. Chifu alikuja, wageni kutoka Garsen wakaja, Martin akaja amevaa suti ya kaka yake. Jibril aliketi nyuma pamoja na wafugaji wenzake. Zamu ya malka ilipofika, Sadia alisoma. Alisoma malka moja baada ya nyingine, na wazee wa pande zote walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja alizijua kwa jina. Alipofika kwenye ile ya mwisho sauti yake ilibadilika. Haikutetemeka wala kukatika. Ilibadilika tu ikawa ya kukariri, bapa, maneno yakifuatana kama mbuzi zizini. Vyanzo havipatani. Mahali ilipopita hapajulikani kwa hakika. Margaret aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitoa kinywani mwa darasa lile kwa miezi ya kazi, naye leo ameirudisha kwa mkono wake.

Watu walipiga makofi. Chifu akasifu jinsi vijana walivyolishughulikia jambo nyeti kwa busara. Martin alikuja kumpa shemejiye mkono mbele ya watu.

Jibril alingoja mpaka turubai likaanza kufunguliwa. Alimwendea Margaret, akamsalimu, akaulizia nyumbani, na Margaret akaitikia kila salamu akijua lililomleta bado halijafika.

“Mwalimu, mimi sisomi,” alisema. “Nimekaa pale nasikiza msichana yangu anasoma malka yetu haijulikani. Baba yangu alipita hapo na ng'ombe. Mimi nilipita hapo mtoto. Mzee Josiah mwenyewe alinipa ndizi hapo.” Alisema bila kupaza sauti. “Nilipeleka msichana shule kwa sababu nilifikiri karatasi haiogopi mtu. Kumbe karatasi nayo iko na shemeji.”

Margaret alitaka kumwambia juu ya kaburi. Akaona akilitaja atakuwa amemtumia Mwaro kuwa kisingizio mara ya pili.

“Sadia ana akili, Jibril,” alisema. “Usimtoe. Kosa si lake.”

“Najua si yake,” alisema Jibril. “Wale watu wa posa wamerudi. Mimi sina kitu tena cha kuwaambia wangoje.”

Walihama kabla mwezi haujaisha, wakapandisha ng'ombe upande wa Chewele walikosikia kuna majani. Sadia hakuja kuaga. Alimpa Fardosa, mwanafunzi mwenzake, vitabu vya shule avirudishe, vyote vikiwa vimefunikwa kwa gazeti na bila alama yoyote ndani. Arusi yake ilisikika shuleni kama zinavyosikika arusi nyingine, kwa mtu kusema na mwingine kusema aa.

Wapimaji walifika. Walipiga vigingi pembe zote za shamba la Mzee Josiah, na mkutanoni jina la mzee likatajwa kwa heshima kubwa, mwinjilisti, mwalimu, mpatanishi. Margaret aliketi mbele pamoja na ukoo, kichwa juu, kama alivyostahili mke wa nyumba ile. Jumapili alikwenda kaburini kupalilia. Migomba ilikuwa imenawiri, na kutoka pale aliposimama alisikia kwa mbali kengele za ng'ombe wakizungushwa njia ndefu, wachungaji wakiwapigia miluzi ili waliochoka wasilale chini.

Muhula ulipofunguliwa alifundisha kama kawaida. Alileta karatasi za mafuriko, akawagawia, akawaambia waende wakatafute ni kwa nini mto hubadili mkondo, wasome, waulize, walinganishe. Hakuna aliyesimama. Hapo zamani wangekuwa wameshaanza kugombania ni nani wa kwenda Garsen.

Kabibi, msichana mpole wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa akitaka kufanya kazi vizuri.

“Mwalimu, kwanza tuambie jibu unalolitaka, ndipo twende tukatafute.”

Wengine wakashika kalamu, wakangoja. Margaret aliwatazama, Jotham, Fardosa, nafasi tupu kando ya Fardosa. Alijaribu kulitafuta neno la kuwarudisha, neno ambalo wangeweza kuliamini likitoka kwake, asilipate. Kisha akachukua chaki, akaugeukia ubao, akaanza kuwaandikia jibu, nao wakanakili.