Mteremko Ukinyamaza

Kuna watu hushtuliwa na kelele. Mimi hushtuliwa na kelele ikikatika. Siku hizi ninakaa Homa Bay, katika nyumba ya kupanga iliyo juu ya barabara, na malori hupita hapa tangu alfajiri yakinguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Hayo siyasikii hata kidogo. Lakini lori likifika pale barabara inapoanza kushuka, sauti ya injini ikafifia ghafla kama redio iliyofunikwa blanketi, mwiko husimama mkononi mwangu. Sisongi tena mpaka niisikie injini ikishika kule chini. Ndiyo maana ugali wangu, nikwambie ukweli, una madonge, na wageni wenye adabu huyala bila kusema neno.

Nilizaliwa nje kidogo ya Rangwe, kwenye boma lililotazamana na mteremko mrefu. Chini ya mteremko palikuwa na kona, na nyuma ya kona, palipofichwa na mikaratusi, palikuwa na daraja na kijito. Ukivuka daraja unapanda kidogo, unafika kwetu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alichukua mahindi na maharagwe Suna, akapitia Rongo, akayaleta Homa Bay, na njiani alisimama nyumbani kula.

Alikuwa pia mpenzi wa dizeli, na sijui kipi kilitangulia, kazi au mapenzi. "Petroli ni ya watu wa maneno mengi," alikuwa akisema. "Dizeli ni ya watu wa kazi." Jumapili, lori likiwa limepumzika, alitupandisha mimi na kaka yangu Ochieng juu ya tairi, akawasha injini, akatuambia tusikilize. "Huyu silinda wa tatu mnamsikia? Ana kikohozi." Mimi nilisikia kishindo kimoja tu, lakini nilitikisa kichwa kama daktari. Chapati alizotuletea kutoka Suna zilikuja zikinuka dizeli, nasi tulizila tukiamini kwamba chapati hunuka hivyo. Shuleni waliniita Akinyi Dizeli. Nililipenda jina hilo kwa miaka mingi kabla sijafika umri wa kuona haya.

Tajiri mwenye lori alitoa mafuta ya safari kwa kipimo. Yaliyobaki kwenye tangi yalikuwa ya dereva, na jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Basi madereva wote wa barabara ile walikuwa na desturi moja. Wakifika kileleni walitoa gia, wakaliacha lori lishuke lenyewe, injini ikinong'ona tu bila kunywa. Baba aliuita mteremko wetu zawadi ya Mungu kwa maskini. "Haba na haba hujaza mtungi," alisema, akacheka peke yake. Mtungi ukijaa, Mama aliupeleka kwa mwenye kinu cha posho, kile cha kusaga unga kwa dizeli, akarudi na sabuni, mafuta ya taa, daftari za shule. Tulikula mteremko ule, tukauvaa, tukausomea.

Na ndivyo tulivyojua Baba amefika. Kwanza tulisikia mngurumo ukipanda upande wa pili wa kilima. Kisha ukimya. Mimi na Ochieng tulikuwa na mchezo wetu: ukimya ukianza tu, tunaimba ubeti mmoja wa wimbo wa shule ya Sabato, na tukifika mwisho wa ubeti injini inashika kule darajani, kama kinanda kinachotuitikia. Tulijiona wachawi wakubwa.

Mama hakuimba. Alisimama juu ya sufuria na mwiko wake hewani, macho yake kwenye mikaratusi, hata kupepesa hapepesi. Injini ikishika, alishusha pumzi na kuendelea kusonga. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Nilidhani mwanamke anayempenda mumewe humsikiliza hivyo akirudi, na nilijiahidi kwamba nikiolewa nami nitasimama na mwiko hewani.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, jua bado halijazama. Mngurumo ukapanda, ukanyamaza. Tukaimba. Ubeti ukaisha. Ochieng akanitazama, tukauanza tena kwa haraka, kama watu waliokosea wakaombwa warudie. Katikati ya ubeti wa pili honi ikaanza kulia, haikuachwa, ikashuka mteremko mzima ikilia vile vile, ikaingia kwenye kona. Kisha ikanyamaza nayo.

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria akakimbia bila viatu. Nasi tukamfuata. Lori lilikuwa limelala ubavu kijitoni, tairi moja bado linazunguka polepole, na magurudumu yakitoa moshi wenye harufu ya chuma kilichoungua. Mahindi yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye maji. Watu walikuwa wameshafika na mabeseni kuyazoa, na baadhi yao walikuwa majirani zetu. Baba walimtoa akiwa ameshakata roho. Sitaeleza zaidi ya hapo. Tuliporudi nyumbani ugali ulikuwa umekuwa mkaa, na harufu ile haikutoka kwenye jiko letu mpaka mvua zilipokuja.

Siku ya mazishi madereva wenzake walikuja na malori yao, matupu, yamefungwa matawi, msururu usioisha. Waliushuka mteremko na gia ndani, gia nzito, injini zikiunguruma na kukoroma mpaka ardhi ikatetemeka miguuni mwetu. Hakuna hata mmoja aliyeokoa tone la dizeli siku ile. Wazee walisema ni heshima, kelele ya kufukuza kifo bomani, na mimi nilijivuna kwamba Baba anafukuziwa kifo na malori badala ya ng'ombe wa desturi. Mama alikuwa amekaa karibu na jeneza. Kelele ilipofika kileleni aliinua kichwa, akausikiliza msururu wote mpaka lori la mwisho likavuka daraja. Hakulia hata mara moja. Alionekana mwenye hasira, nami sikujua ni kwa nini.

Wiki iliyofuata mteremko ulinyamaza tena. Lori la kwanza likashuka kimya, la pili kimya. Mama, ambaye sasa hakuwa na wa kumngoja, akasimama na mwiko hewani.

Hatukuwa na shamba la maana. Baada ya matanga, wageni walipokwisha, tulianza kula mara moja kwa siku, uji mwepesi ambao Ochieng aliuita chai ya mahindi. Ndipo akaja Chacha. Chacha alikuwa Mkuria kutoka karibu na mpaka, rafiki mkubwa wa Baba, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kijaluo chake kilikuwa kibovu na Kikuria sisi hatukijui, kwa hiyo kwetu alizungumza Kiswahili. Alisimamisha lori lake mbele ya boma, akateremsha mtungi.

"Shemeji, hii mafuta uza kwa ile posho," alisema. "Utanipea kidogo, ingine ikae kwa watoto."

Mama aliutazama mtungi. Kisha akampita Chacha, akaenda mpaka kwenye lori, akaweka kiganja chake juu ya chuma cha gurudumu. Alikiondoa haraka.

"Chacha, hii chuma iko moto," akasema. "Rudi na mafuta yako. Siku utakuja na gurudumu baridi, nitanunua."

Chacha hakubisha. Alipandisha mtungi wake akaondoka ameinamisha kichwa. Ilinibidi nikue ili nielewe alichokuwa akipima. Injini ndiyo hulishikilia lori mteremkoni. Ukitoa gia unabaki na breki peke yake, na breki ikishikwa kilima kizima huwaka moto, na ikiwaka sana hailishiki tena lori. Gurudumu la moto lilimwambia Mama jinsi mtu yule alivyoshuka. Wakati ule mimi niliona tu kwamba mama yangu amefukuza chakula, nikamchukia jioni nzima.

Siku chache baadaye Chacha alirudi. "Gari imepoa, shemeji. Shika mwenyewe."

Mama akashika. Nilikuwa nimebeba faneli ya kumiminia mafuta, nimesimama karibu, nikaona kiganja chake kimelowa maji. Alikitazama. Akaligusa gurudumu la pili, nalo likalowesha mkono. Alimtazama Chacha, na Chacha akatazama matairi yake. Kisha Mama akajifuta mkono kwenye leso, taratibu, kidole baada ya kidole, akaniambia nilete faneli.

Madereva wengine wakasikia. Wakawa wanasimama kwetu mmoja mmoja, na Mama akawa anashika kila gurudumu kabla ya kupokea mtungi, na kila gurudumu lilikuwa baridi na limelowa. Nilifurahi sana. Nilimwambia Ochieng kwamba madereva wanaosha malori yao kwa heshima ya Baba. Ochieng alienda kidato cha kwanza kwa mafuta yale. Nami pia. Chacha alizeeka salama. Si wote waliokuwa wakisimama kwetu waliozeeka.

Nilikuwa mtu mzima, na mtoto wangu mgongoni, niliposhuka siku moja kwa miguu kuelekea darajani. Nyuma ya kona, pale mikaratusi inapoficha kila kitu, dereva mmoja kijana alikuwa amesimamisha lori. Alikuwa akichota maji kijitoni kwa ndoo na kuyamwaga juu ya magurudumu. Kila alipomwaga, mvuke ulipanda ukiunguruma, nami nikaisikia ile harufu ya chuma kilichoungua. Nilikaa chini kando ya barabara, palepale kwenye vumbi.

Nilimwuliza Mama jioni ile, nikimwogopa kidogo.

"Nyathina, mwanangu, nilijua siku ya kwanza," alisema. "Kiangazi kile haikunyesha hata tone. Gurudumu lingelowa kwa nini?"

"Na bado ulipokea?"

Hakukasirika. Aliniangalia kwa uchovu tu. "Na wewe ulikuwa unakula nini?"

Mama anaishi nami hapa Homa Bay sasa, masikio yake yamezeeka kuliko miguu yake, mtu anambishia mlango asisikie. Jana jioni nilikuwa jikoni, yeye amekaa kwenye kigoda chake akichambua mboga. Lori likafika kileleni, likanyamaza. Mkono wangu ukasimama. Nikageuka, nikamkuta amesimamisha wake pia, jani la sukuma hewani, macho yake ukutani kana kwamba ukuta una mikaratusi. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, hadi injini ikashika kule chini.

Mama akashusha pumzi.

"Songa," akaniambia. "Ugali unaungua."