Jumba la Babu Yangu Kalkuta

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba babu yangu alikuwa na jumba Kalkuta. Niliwaambia kambini Kigoma, wakati sina hata godoro. Nikawaambia tena Louisville, kwenye ghala ninakopanga maboksi, mbele ya watu ambao hawakuniuliza. Ushahidi nilikuwa nao: picha ndogo iliyochakaa pembe, ambayo baba alivuka nayo mpaka kutoka Burundi ikiwa ndani ya Biblia. Babu amesimama mbele ya ngazi pana na nguzo nene nyeupe. Amevaa koti refu, ameshika fimbo, na miguu yake imefichwa na chungu cha maua.

Tulichojua kilikuwa kifupi. Babu aliondoka Burundi akaenda Tanganyika kukata mkonge, huko akaandikishwa katika jeshi la Mwingereza na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kati ya Burma na kurudi nyumbani kulikuwa na Kalkuta. "Kule alikuwa mtu mkubwa," baba alisema, basi. Nyuma ya picha kuna mistari miwili ya maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Baba alidhani ni cheo chake. Mimi nilipofika Marekani nilikitafsiri cheo hicho bila kujua hata herufi moja: Msimamizi Mkuu.

Mwaka juzi binamu yangu wa Columbus aliandaa mkutano wa ukoo, akanipigia simu.

"Kaka, wewe ndiye unayezijua habari za babu. Tutakupa dakika kumi uzungumze."

Mtu mwenye akili angesema hajui kitu. Mimi nilisema dakika kumi hazitoshi.

Nikaanza utafiti. Kila nikitoka kazini nilifungua ramani kwenye kompyuta na kutembeza kidole kwenye mitaa ya Kalkuta, nikitafuta nguzo. Wiki ya tatu nikaziona, nyeupe, nene, zimepangwa vilevile. Machozi yalinitoka. Nikaandika barua ya heshima kwa "familia inayoishi sasa katika nyumba yetu", nikiwahakikishia kwamba hatukuwa na nia ya kuwafukuza. Kabla ya kuituma nikampelekea mama mmoja wa maktaba anisahihishie Kiingereza. Aliisoma hadi mwisho, akaitazama ramani, kisha akaniuliza kwa upole kama nilifahamu kwamba jengo lile ni posta.

Nikamwambia nilikuwa nimeanza kuhisi hivyo.

Ni yeye aliyenishauri nianze na yale maandishi ya nyuma. Ghalani tuna mwenzetu ambaye wazazi wake walizaliwa Kalkuta, na baba yake, mwalimu mstaafu, anaishi naye. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kwao nimevaa suti. Mzee alinikaribisha chai ya maziwa, akavaa miwani, akaigeuza picha.

"Hiki ni Kibengali," alisema. "Ni mwandiko wa mpiga picha."

"Ameandika cheo chake?"

Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, akairudia picha. "Ameandika: koti ni letu, fimbo ni yetu. Virudishwe kabla hajatoka."

Mwanawe aliinuka ghafla kwenda jikoni kuangalia chai, ambayo ilikuwa tayari mezani mbele yetu.

"Na nyumba, mzee?"

"Picha ni ndogo, na macho yangu mabovu," alisema. Niliyashukuru macho yake. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijipanga upya. Koti la kuazima, sawa. Hata tajiri anaweza kusahau koti. Nyumba bado ilikuwa yetu.

Na kwa kuwa picha ilikuwa ndogo, niliipeleka dukani wakaikuza mpaka ikatoshana na mlango.

Mkutano ulifanyika Linden, mtaa mmoja wa Columbus, katika ukumbi wa kanisa la binamu yangu. Niliisimamisha picha ukutani, nikakohoa, nikaanza. Nilieleza nguzo. Nilieleza ngazi, na jinsi babu alivyozipanda kila asubuhi. Nilikuwa nimefika kwenye watumishi wake pale mama mkwe wa binamu yangu, ambaye ameshona mapazia maisha yake yote, alipoinua mkono.

"Samahani, baba. Hizo ngazi zina upindo."

"Zina nini?"

"Upindo. Wa kushona. Tazama hapo chini, karibu na chungu. Na ile nguzo ya pili imekunjamana, hawakuipiga pasi."

Watu waliacha viti vyao wakaja kutazama. Ilikuwa kweli. Jumba la babu yangu lilikuwa shuka lililochorwa, limening'inizwa nyuma yake, na kwa ukubwa ule niliougharimia mwenyewe hata nyuzi zilionekana. Ukumbi ulicheka. Watoto wakaanza kupokezana kusimama mbele ya ngazi na kupigwa picha, mmoja ameshika mwavuli wangu kama fimbo.

Binamu yangu alikuja na simu mkononi. Shangazi yetu wa Buffalo, dada mkubwa wa baba, alikuwa akitufuatilia kwa video tangu mwanzo.

"Mpeni huyo msomi," nilimsikia akisema. Nikaipokea. "Mwanangu, habari hizi zote umemwuliza nani?"

Nilikuwa nimeuliza ramani, maktaba na mwalimu wa Kibengali. Shangazi nilimpigia kila Krismasi, tukaongea kuhusu theluji.

"Njoo," alisema.

Kesho yake niliendesha gari mpaka Buffalo. Anaishi mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya pili, na nilimkuta mezani akichambua maharage. Alinisukumia nusu yake kabla hajasema neno.

"Baba yangu hakuwa na nyumba Kalkuta," alisema. "Alikuwa na kitanda. Kitanda cha hospitali. Mguu ulikuwa umeoza huko Burma, wakauponya kwa shida. Alipoweza kusimama wakampa kazi ya kufua bandeji za wenzake."

"Sasa picha ya nini?"

"Nyumbani zilifika habari kwamba amekufa. Mama alinyoa nywele, wakaanza kumtafutia mume kati ya ndugu wa baba. Habari hizo zikamrudia baba kule hospitalini kwa askari wa kwetu. Hakujua kuandika. Akaomba ruhusa, akaenda kwa mpiga picha, ili aonekane yu hai."

"Na koti?"

"Sare yake walikuwa wameiweka stoo. Alikwenda na pajama za hospitali. Ungemtumia mkeo picha umevaa pajama za wagonjwa? Si angenyoa mara ya pili?"

Niliacha kuchambua. Nilikuwa nimemvika mtu huyu watumishi na nyumba, na yeye chini ya koti la kuazima alikuwa amevaa pajama, anasimama kwa mguu mmoja na nusu, anajitahidi asionekane mgonjwa.

"Askari mmoja akaileta picha hadi kwetu," shangazi aliendelea. "Mama akaitazama akasema huyu si mume wangu, huyu ni bwana mkubwa fulani. Akaikataa wiki nzima. Halafu akaliona sikio, lile lililong'atwa na mbwa. Hapo ndipo akapiga kelele."

Bibi hakuolewa na mwingine. Babu alirudi akichechemea, na shangazi akazaliwa, kisha baba.

Nilirekodi kila neno. Nilipofika Louisville nikasikiliza: saa moja na zaidi ya maharage yakianguka kwenye bakuli, na mbali sana sauti kama ya mtu aliye kisimani. Nilikuwa nimekiziba kipaza sauti kwa kidole gumba.

Baada ya wiki mbili nilirudi Buffalo, mara hii na daftari. Shangazi alisimulia tena kwa utulivu, hospitali, bandeji, koti, mpaka askari akafika na picha.

"Mama alipoiona tu, akamjua," alisema. "Hata dakika haikupita."

"Shangazi, juzi ulisema aliikataa wiki nzima."

"Nilisema hivyo?"

"Ukataja sikio."

Alifikiri kidogo. "Sikio lilikuwepo," alisema, akaniambia niandike yote mawili, kwa kuwa mama yake naye alikuwa akisimulia hivi leo, kesho vile, kutegemea babu yupo chumbani au hayupo.